Watoto Wetu wa Kiume Wanafunzwa na Nani?

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Nanganga)



Miaka kumi si haba. Wapo waliosema hatutamaliza hata msimu mmoja wa korosho, kwamba wanawake wakikaa pamoja ni majungu tu. Leo wao wenyewe wamekuja kula pilau letu, na karibuni sana, pilau lipo la kutosha.

Katibu amekwisha kusoma taarifa ya fedha. Mmesikia habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza jambo moja ambalo halimo kwenye daftari la Mweka Hazina, nalo ni watoto wetu wa kiume. Mtu anaweza kuuliza: kikundi cha kuweka na kukopa na malezi ya wavulana wapi na wapi? Tunamjibu hivi. Siku ya mgao hela hizi huenda wapi? Huenda kwenye bati, mbegu, dawa ya korosho, sare za shule, na pia simu. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwa vijana waliosimama kule nyuma zimetokana na ufuta, korosho na sanduku hili lenye funguo tatu. Wala hatuoni ubaya. Kwa simu tunapokea hela, tunaijua bei ya mnada jioni ile ile, tunasikia sauti ya mtoto aliyeko bweni. Lakini kitu kilichonunuliwa kwa jasho letu, tunayo haki ya kuuliza kinawafundisha nini wanetu.

Tutaanza na binti, kwa sababu katika mambo haya binti ndiye husahauliwa kwanza.

Mwaka jana, wakati wa ufuta, picha ya mwanafunzi mmoja wa kike ilisambaa kwenye simu za vijana wa hapa na vijiji vya jirani. Jina lake hatulitaji, na shule yake hatuitaji. Alikuwa amempelekea picha kijana mmoja aliyemwamini. Ndani ya siku mbili ilikuwa imefika kituo cha mabasi, imefika kwenye vijiwe vya bodaboda, imefika mpaka kwenye foleni ya mizani. Binti akajifungia ndani, shule basi. Kikundi kilitoa fedha za mfuko wa jamii, mama yake akampeleka kwa ndugu zake wa mbali, na huko anaendelea na masomo. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa, jamani, walioisambaza walikuwa nani? Watoto wetu. Si majambazi kutoka mbali. Ni watoto wanaotuchotea maji, wanaotubebea magunia. Tulipowaita mmoja mmoja na kuwauliza kwa nini, hakuna aliyesema anamchukia binti yule. Walisema, "Amejitakia mwenyewe." Walisema, "Wanawake ndivyo walivyo." Mmoja wa miaka kumi na minne akatuambia eti mwanamke hapendi mtu, anapenda hela tu, na anayemhurumia mwanamke ni mjinga. Miaka kumi na minne! Hajawahi kumnunulia msichana hata kashata. Na wote walisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kana kwamba wameyakariri darasani. Ndipo tukajiuliza: darasa hilo liko wapi, na mwalimu wake ni nani?

Wakati tunahangaika na swali hilo, binti wa mwanachama mmoja anayesoma chuo alikuja likizo. Akasema kuna tamthilia moja ya Uingereza inayozungumza jambo hili hili, na akatuonyesha kwenye kompyuta yake, huku akitutafsiria. Inaitwa Adolescence, maana yake ni ule umri wa kubalehe. Ilianza kuonyeshwa na Netflix mwezi Machi 2025. Ina sehemu nne, kila moja karibu saa nzima, na kila sehemu imepigwa picha kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, hata mtazamaji anajiona yumo ndani ya nyumba ya watu. Waliiandika Jack Thorne na Stephen Graham, na huyo Graham ndiye aliyeigiza baba. Kisa chenyewe ni cha kutunga, lakini Graham alieleza kuwa alisukumwa na habari za kweli za wavulana wa Uingereza waliowachoma visu wasichana.

Kwa ufupi ni hivi. Alfajiri polisi wanavunja mlango wa nyumba ya mtu wa kawaida, fundi wa mabomba, mwenye mke na watoto wawili. Wanamkamata mwanawe Jamie, mwenye miaka 13. Mtoto anajikojolea kwa hofu. Baba anaamini polisi wamekosea nyumba. Mtoto anamwambia baba yake, sijafanya kitu. Kisha polisi wanamwonyesha baba picha za kamera: mwanawe anamchoma kisu msichana waliyesoma naye, jina lake Katie.

Sehemu ya pili polisi wanakwenda shuleni kutafuta sababu. Wanasoma maneno ambayo Katie aliandika chini ya picha za Jamie mtandaoni, wanaona vijipicha vidogo vidogo, wanadhani watoto walikuwa wanataniana vizuri. Mpaka mtoto wa yule mpelelezi mwenyewe, anayesoma shule hiyo hiyo, anamvuta baba yake pembeni na kumweleza kwamba vile vijipicha ni lugha. Kidonge chekundu kina maana yake. Moyo wa rangi hii si sawa na moyo wa rangi ile. Katie alikuwa anamkejeli Jamie kwamba ni katika wale wavulana ambao hakuna msichana atakayewataka maisha yao yote. Baba ni mpelelezi, kazi yake ni kufumbua mafumbo, lakini la mtoto wake limempita. Hapo tuliokuwa tunatazama tulinyamaza. Nani kati yetu anajua vijipicha vya mwanawe vina maana gani?

Sehemu ya tatu ni mazungumzo ya Jamie na mwanasaikolojia mwanamke. Hapo ndipo tulipojua kwamba kabla ya mauaji, picha ya Katie akiwa nusu uchi ilikuwa imesambazwa shuleni. Jamie akaona huo ndio wakati wa kumtongoza, kwa kuwa binti alikuwa amedhalilika na asingeweza kuringa. Binti akamkataa. Akina mama, tulipofika hapo tulitazamana. Uingereza na Nanganga, bahari ngapi zimepita katikati? Lakini picha ni ile ile, na hesabu ya mvulana ni ile ile: msichana aliyeaibishwa ameshuka bei.

Sehemu ya nne ni ya wazazi, miezi kumi na mitatu baadaye. Ni siku ya kuzaliwa ya baba. Watu wamechafua gari lake kwa rangi, na mwana anapiga simu kutoka kizuizini kusema kwamba atakiri kosa. Mume na mke wanakaa kitandani wanajiuliza. Mtoto alikuwa chumbani mwake, mlango umefungwa, kompyuta inawaka mpaka usiku wa manane. Walidhani akiwa ndani yuko salama.

Tamthilia hiyo ilisikika sana. Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alisema ameitazama na watoto wake, na shule za sekondari nchini humo zikaruhusiwa kuionyesha bila malipo. Mwezi Septemba 2025 kijana aliyeigiza Jamie, Owen Cooper, akiwa na miaka 15, alipewa tuzo ya Emmy kule Marekani.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwalimu ni nani. Tamthilia inamtaja mmoja kwa jina, Andrew Tate, aliyekuwa bingwa wa ngumi na mateke. Huyu alijipatia umaarufu mtandaoni kwa kuwaambia vijana kwamba mwanamke ni wa kutawaliwa. Mwezi Desemba 2022 alikamatwa Romania kwa tuhuma za ubakaji na biashara ya kusafirisha binadamu, tuhuma ambazo anazikana. Hayo tuwaachie mahakimu. Sisi watu wa sanduku tulivutiwa na upande wa hela. Bwana huyu aliwauzia vijana masomo ya kutajirika kwa ada ya kila mwezi, na kijana aliyeleta wenzake alipata kamisheni. Wana kikundi, biashara ya namna hiyo si tunaijua? Mtakumbuka DECI mwaka 2009, watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune mara mbili. Anayenufaika ni aliye juu, na aliye chini hupewa matumaini. Kijana wa kiume anaambiwa: wewe ni maskini na unakataliwa kwa sababu ya wanawake, lipa nikufundishe. Kumbe hasira yake ndiyo mtaji wa mwingine.

Lipo pia jambo la mtambo wenyewe. Zile programu za video fupi fupi hazingoji mtoto atafute kitu. Zinapima amekaa sekunde ngapi kwenye video hii, zikamletea nyingine ya aina hiyo hiyo yenye chumvi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dublin City, Ireland, walifungua akaunti za majaribio kwa sura ya vijana wa kiume kwenye TikTok na YouTube. Ndani ya dakika 23 za mwanzo akaunti zote za wavulana zilikuwa zimekwisha kuletewa maneno ya kudharau wanawake, hata zile ambazo hazikuyatafuta. Dakika 23! Ugali haujaiva.

Mtu asiseme hayo ni ya Kizungu, watoto wetu hawajui Kiingereza. Maneno haya yana Kiswahili chake kizuri tu, na yanakuja yakiwa yamevaa utani. Wakubwa mnakumbuka miaka ya tisini mwanamume mwenye hela aliitwa buzi, na mwanamke aliitwa mchuna buzi. Leo wanasema wanawake wanakula nauli, wanapiga mizinga, mwanamke akishika hela anapanda kichwani. Tunacheka, nasi pia tumecheka, maana utani mwingine unachekesha kweli. Lakini mkubwa husikia utani mmoja akarudi kwenye kazi zake. Mtoto wa miaka kumi na minne anasikia utani huo mara arobaini kwa siku, kitandani, na hakuna anayemwambia kwamba ni utani. Kwake ni elimu ya dunia.

Na mwisho wa elimu hiyo tumeuona nchini mwetu. Mwezi Agosti 2024 ilienea video ya binti wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume, na wao wenyewe ndio waliokuwa wakirekodi. Tarehe 30 Septemba 2024 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Serikali ilifanya kazi yake na tunaipongeza. Lakini kumbukeni jinsi video ile ilivyotembea. Kila aliyeipeleka mbele alimdhalilisha binti yule upya. Na wapo waliobishana eti binti alikuwa na kosa gani, kana kwamba lipo kosa ambalo adhabu yake ni ile.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuja kulia tu. Nchi hii iliwahi kutumia mchezo wa kuigiza kuwabadilisha wanaume, na ilifaulu. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Wakubwa mnamkumbuka Mkwaju? Dereva wa lori, mlevi, kila kituo ana mwanamke, mwenye kutaka watoto wa kiume tu. Na mkewe Tunu, aliyechoka, akaanza biashara yake ndogo, akasimama kwa miguu yake. Mkwaju akaishia kuugua UKIMWI. Hapa Nanganga, penye njia panda ya kwenda Ruangwa na malori ya Masasi yakipita usiku na mchana, hakuna aliyehitaji kuelezwa Mkwaju ni mtu wa namna gani.

Mchezo ule ulifanyiwa utafiti wa maana. Kati ya 1993 na 1995 haukurushwa Dodoma, ili mkoa ule ulinganishwe na mikoa iliyousikia. Watafiti waliona tofauti katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI, na matokeo yakaandikwa na kusomwa ulimwenguni. Lakini walieleza jambo moja ambalo tunaomba mlishike. Redio peke yake haikubadilisha watu. Kilichofanya kazi kubwa ni mazungumzo baada ya mchezo. Mume alimuuliza mke, je, wewe ungekuwa Tunu ungefanya nini? Vijana walibishana kijiweni kama Mkwaju ana haki au hana. Mchezo ulitoa mfano, watu wakatoa hukumu wenyewe kwa wenyewe.

Na mazungumzo hayo yaliwezekana kwa sababu redio ilikuwa moja. Iliwekwa barazani, baba yupo, mama yupo, mjomba amepita kusalimia, watoto wamekaa mkekani wanajidai hawasikii. Mkwaju akisema neno la ovyo, bibi anaguna, na mtoto anasikia lile guno. Guno la bibi lilikuwa ndilo somo! Leo neno la ovyo linaingia moja kwa moja sikioni kwa waya, na hakuna wa kuguna. Akina mama, wanaume wa kudharau wanawake hawakuanza jana. Kilichoondoka ni baraza la kusikiliza pamoja.

Tuseme na habari ya jando, maana hapa ni kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, na hatuwezi kuzungumza utu uzima wa mwanamume tukaliruka. Hatusemi jando na unyago havina dosari. Tunajua mabinti waliokatishwa masomo kwa sababu ya unyago, na kikundi hiki kimelisema hilo hadharani. Lakini mwalimu wa jandoni ana jina. Anakaa hapa hapa, ana shamba, ana ukoo. Mtoto akirudi na adabu mbaya, unamwendea na kumuuliza: umemfundisha nini mwanangu? Siku hizi wavulana wengi hupelekwa wakiwa wadogo mno, wakati wa likizo, au hutahiriwa hospitali wakiwa wachanga. Mwili umekwisha kushughulikiwa, lakini yale maneno ya kiutu uzima, mtoto atayasikia lini? Anapofika miaka kumi na mitatu, sauti ikivunjika na moyo ukianza kumdunda kwa msichana wa jirani, kungwi anayebaki ni simu. Na kungwi huyo hana kwao, hana ukoo wala anwani. Utamwendea wapi?

Upo msemo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli, na ulimwengu wenyewe siku hizi unauzwa dukani na chaja yake. Lakini msemo huu tunaomba tuujadili kidogo. Mbona mama peke yake? Mtoto akiharibika ni wa mama, akifaulu ni wa baba? Katika tamthilia ile baba ni mtu mwema, hampigi mwanawe, kwa sababu yeye mwenyewe alipigwa mno na baba yake. Lakini kuacha kupiga ni hatua ya kwanza tu. Baba alikuwa kazini toka alfajiri mpaka usiku, na mambo ya moyo hakuyajua namna ya kuyasema. Akina baba mliopo hapa, tunawaambia kwa heshima: mvulana anataka kusikia kwa mwanamume mzima kwamba kukataliwa na msichana si msiba. Wewe si ulikataliwa? Mwambie. Mwambie ulilia, ukalala, asubuhi ukaenda shamba. Sisi akina mama tukimwambia anaona tunamtetea msichana. Na wajomba je? Kwetu huku ukoo ni wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Wajomba mko wapi? Isiwe mjomba anaonekana siku ya mahari tu.

Basi, wanachama tulikaa vikao vitatu, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Yameandikwa katika katiba ya kikundi, na leo tunayasema mbele yenu ili mtuulize mwakani.

La kwanza, baraza la kusikiliza pamoja. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kufunga sanduku, vijana watakuja na wazazi na wajomba. Video ya kutazamwa wataichagua vijana wenyewe, ile wanayoitazama kweli. Tutaitazama wote, kisha tutazungumza. Hakuna kuchapwa wala kutukanwa kwa video uliyoileta. Anayetaka kuguna, aguniwe naye.

La pili, hatutavunja wala kunyang'anya simu kwa hasira. Australia wameweka sheria, tangu tarehe 10 Desemba 2025, ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mingi ya kijamii. Hiyo ni njia ya serikali, na dunia inaiangalia. Hapa kwetu mtoto ukimnyang'anya simu yake atatumia ya mwenzake, na siku akipata taabu hatakuambia. Tunataka mlango uwe wazi.

La tatu, picha za aibu. Mwanachama au mtoto wa mwanachama akipokea picha ya mtu ya kumdhalilisha, anaifuta, haipeleki mbele, na anatoa taarifa. Akitaka kupeleka kesi polisi, akaulize kwanza namna ya kutunza ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono na kumwonea mtu kwa njia ya mtandao, kwa hiyo anayesema "nilipeleka mbele tu" hajajitetea. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Ndani ya kikundi, mwanachama atakayepeleka picha ya namna hiyo atalipa faini, na faini hiyo ni kubwa kuliko ya kuchelewa kikao.

La nne, na hili ndilo letu hasa, wana wetu wa kiume watahudhuria siku ya mgao. Wanaambiwa mtandaoni kwamba hela ya mwanamke inatoka kwa mwanamume, na kwamba mwanamke mwenye hela ni adui wa nyumba. Waje waone. Wamwone mama akiweka hisa wiki baada ya wiki, wamwone akikopa, akirejesha na riba, akibishana na Mweka Hazina kwa shilingi mia tano. Waone sanduku haliwezi kufunguka bila watu watatu wenye funguo tatu kukaa pamoja. Kijana aliyeona hivyo kwa macho yake, mtu wa video atamdanganya kwa shida. Na tutawapa kazi ya kuhesabu, ili mama yake asipohesabu vizuri, mwana ndiye atakayeumbuka.

Vijana mlioko kule nyuma, tunamalizia na ninyi. Hatukuwaita hapa kuwashtaki. Mmezaliwa wakati mgumu. Ufuta una bei leo, kesho hauna, bodaboda ni ya mkopo, na kila mkifungua simu mnaonyeshwa kijana wa umri wenu ameegemea gari ambalo labda si lake. Mkijisikia wadogo, si ajabu. Lakini anayewaambia kwamba mtakuwa wakubwa kwa kumdharau dada yenu, muulizeni swali moja tu: yeye analipwa na nani?

Na yule binti tuliyeanza naye, atarudi nyumbani likizo ya Desemba. Atapita njia hii hii, mbele ya kijiwe kile kile. Mama yake ametuuliza wasiwasi wake: watamsalimiaje? Hatukuwa na jibu la kumpa, maana jibu mnalo ninyi.

Sasa tunamkaribisha Mweka Hazina na wenye funguo tatu waje mbele.